Kutoka Juu Hadi Mezani: Fani ya The Crystal Quilt

Tarehe 10 Mei 1987, Siku ya Akina Mama nchini Marekani, wanawake 430 waliokwisha kuvuka umri wa miaka 60 waliingia katika ukumbi wenye paa la kioo katikati ya jiji la Minneapolis, wakaketi wanne wanne mezani, wakazungumza kwa muda wa saa moja. Hawakuimba wala kucheza, na hakuna hadithi waliyoiigiza. Watu zaidi ya 3,000 walifika kuwatazama, na televisheni ya umma ikarusha tukio hilo moja kwa moja. Kazi hiyo inaitwa The Crystal Quilt, Mfarishi wa Kioo. Aliyeibuni na kuiongoza ni Suzanne Lacy, msanii wa California, na kumbukumbu za kazi hiyo, yaani video, picha, sauti na mfarishi wenyewe, sasa zimehifadhiwa na jumba la makumbusho la Tate nchini Uingereza.

Kazi hii husifiwa zaidi kwa maudhui yake. Lacy hakuridhishwa na jinsi vyombo vya habari vilivyomwonyesha mwanamke mzee kama mtu asiye na nafasi tena katika mambo ya umma. Kwa miaka miwili na nusu aliendesha mradi Minnesota, wenye mihadhara, mikutano na mafunzo ya uongozi kwa wanawake wazee, na tukio la siku ile likawa kilele chake. Maudhui hayo ni mazito na ninayaheshimu. Hata hivyo, yangeweza kutolewa kwa hotuba, kwa makala au kwa maandamano. Kilichoifanya The Crystal Quilt idumu ni fani: nani ameketi wapi, nani anamwona nani, nani anasikia nini, na mpangilio huo unavunjika lini. Nikiisoma kwa upande huo, naona kazi iliyojengwa juu ya umbali kati ya mzee na anayemtazama. Uzuri wake na kasoro yake vyote vimo katika namna inavyoushughulikia umbali huo.

Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, katika kitabu chao Fasihi na Sanaa za Maonyesho cha mwaka 1976, walieleza kuwa sanaa ya maonyesho husimama juu ya mambo manne: dhana inayotendeka, mtendaji, uwanja wa kutendea na watazamaji. Walikuwa wakizitazama sanaa zetu za Afrika Mashariki, ambazo wakati ule zilipimwa kwa vigezo vya tamthilia ya jukwaani na kuonekana pungufu. Nakichukua kipimo chao hapa kwa sababu kinamweka mtazamaji ndani ya kazi, sawa na uwanja na mtendaji. Bila hilo, mwisho wa saa ile ya Minneapolis haueleweki kabisa.

Uwanja

Crystal Court, ukumbi ule wenye paa la kioo, ni ua wa ndani wa IDS Center, jengo refu lililobuniwa na Philip Johnson na John Burgee na kukamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970. Watu hupita hapo wakielekea ofisini na madukani, na ghorofa yake ya pili imeunganishwa na njia za juu ambazo huwawezesha wakazi wa Minneapolis kutembea kutoka jengo hadi jengo bila kutoka nje kwenye baridi kali. Kwa hiyo ni uwanja wa watu wenye haraka. Kazi ya Lacy inawaketisha hapo watu ambao hawaendi popote kwa saa nzima. Kila kitu mahali hapo ni cha kuuza au kununua, na wao wanazungumza bila kuuza kitu. Ukumbi wa mikutano au kanisa ungewapokea wazee hao kwa urahisi zaidi, kwa kuwa huko ndiko tulikozoea kuwakuta. Ua wa biashara haukuwatarajia, na ndiyo maana uwepo wao ulionekana.

Sakafuni palitandikwa zulia la mraba lenye upande wa futi 82, karibu mita 25. Aliyelibuni ni mchoraji Miriam Schapiro, ambaye tangu miaka ya 1970 alikuwa akiingiza lesi, leso na vipande vya nguo ndani ya michoro yake, akidai kwamba ushonaji na utarizi wa wanawake uhesabiwe katika historia ya sanaa. Zulia lake lilifuata umbo la mfarishi, lile shuka nene linaloungwa kwa viraka. Meza zaidi ya mia moja zikapangwa juu yake, na wanawake wote walivaa nguo nyeusi. Kwa mtu aliyesimama kwenye roshani, walikokuwa watazamaji, kila meza ilikuwa kiraka, na uwanja mzima ulikuwa nguo moja.

Hapo ndipo fani inapoanza kusema jambo ambalo maudhui peke yake hayasemi. Umbo la mfarishi linaonekana kutoka juu tu. Wanawake wanaoliumba hawalioni. Mwanamke aliyeketi meza ya katikati anawaona wenzake watatu, macho yao, midomo yao, na nyuma yao migongo ya walioketi meza jirani. Hajui kama meza yake ni kona ya ua la rangi au sehemu ya mstari. Kazi moja, basi, ina sura mbili: juu kuna mchoro usio na sauti zao, na chini kuna mazungumzo yasiyo na mchoro. Hakuna mtu ambaye kwa wakati mmoja alizipata zote mbili.

Mkao wa mezani nao una uzito. Watu wanne wakizunguka meza ya mraba huelekeana. Popote utakaposimama kuwatazama, kuna mmoja aliyekupa mgongo. Watendaji hawa hawakuielekea hadhira, hawakuisalimu, hawakuiomba kitu. Na siku yenyewe ilikuwa ile ambayo Marekani, tangu tangazo la Rais Woodrow Wilson la mwaka 1914, humtazama mwanamke kupitia mwanawe: anapelekewa maua, anapigiwa simu, anashukuriwa kwa ulezi. Fani ya Lacy inamgeuzia kiti. Kwa saa hiyo moja anayemsikiliza mwanamke mzee ni mwanamke mzee mwenzake, na watoto wa mji wako juu wakisubiri.

Kitambaa na mikono

Kitendo cha kwanza kilikuwa kidogo sana. Meza zilikuwa na vitambaa vyeusi. Wanawake walipoketi walivikunjua, na rangi iliyokuwa imefichwa ndani ikajitokeza, nyekundu kwenye meza hii na njano kwenye meza ile. Uwanja uliokuwa mweusi ukawaka.

Kitendo hiki kinastahili kutazamwa kwa utulivu, kwa sababu ndicho kinachobeba kazi nzima. Kutandika kitambaa mezani ni shughuli ambayo kila mmoja wa wanawake hao alikwisha kuifanya maelfu ya mara maishani bila mtu kusimama kumtazama. Mikono inajua: unashika pembe, unafunua, unalainisha mkunjo kwa kiganja. Hakuna aliyehitaji kufundishwa. Lacy alilichukua tendo hilo lilivyo, bila kuliongezea madoido, akalifanya litendwe na mamia ya watu kwa pamoja, na matokeo yake yakabadilisha sura ya ua mzima. Mtu akiuliza ushahidi kwamba kazi za nyumbani za wanawake zina nguvu ya kuumba, jibu liko mbele yake na halikuhitaji msemaji.

Kisha mikono ikawa wino. Kila baada ya muda, ishara iliyokuwa ndani ya sauti iliyorekodiwa na kuchezwa ukumbini iliwaambia wanawake wabadilishe namna walivyoiweka mikono yao juu ya meza. Mazungumzo hayakukatika. Mikono ilihama, na mchoro wa mfarishi ukageuka. Sasa tunaelewa nguo nyeusi zilikuwa za nini. Kiwiliwili kilizama katika weusi wa uwanja, na kilichobaki kuonekana kutoka juu ni vichwa na mikono juu ya rangi. Mkono wa mtu wa miaka 70 umeandikwa kila kitu: mishipa, madoa, vifundo vilivyovimba, pete iliyokwisha kubana. Ukiwa mezani, mkono huo ni wasifu wa mtu. Ukiwa kwenye roshani, ni mstari tu katika mchoro. Lacy aliuweka mkono huohuo katika kazi zote mbili, na tofauti kati yake ni umbali wa anayetazama.

Naona heshima kubwa katika uchaguzi wa mienendo hiyo. Kuketi, kukunjua, kuhamisha mikono, kuzungumza: hakuna hata kimoja ambacho kingemwaibisha mwenye goti bovu au mwenye pumzi fupi. Hata asiyeona vizuri angeweza kushiriki sawa na wengine, kwa kuwa ishara ilisikika. Fani imetokana na uwezo halisi wa miili iliyokuwepo, na kwa hiyo haina haja ya kuuficha uzee wala kuuonea huruma. Hili si jambo la kawaida katika sanaa inayowashirikisha wazee. Kwaya ya Young@Heart, iliyoanzishwa Northampton, Massachusetts, mwaka 1982, imepata umaarufu wa haki kwa kuwaimbisha wazee nyimbo za roki na panki, nami naipenda. Lakini sehemu ya nguvu yake inatokana na mshangao: hatukutegemea mtu wa miaka 80 aimbe wimbo huu. Mshangao wa namna hiyo humtegemea kijana kama kipimo. The Crystal Quilt haimshangazi mtu kwa kumwonyesha mzee anayefanya mambo ya ujana. Inamtaka atazame jambo ambalo mzee hulifanya kila siku, ukubwa wake ukiwa umefunuliwa.

Ipo pia historia ndani ya umbo hili. Katika vijiji vya Marekani wanawake walikusanyika kuuzunguka mfarishi mmoja, wakashona huku wakizungumza. Mfarishi ukabaki na mazungumzo yakapotea. Wanawake wa Gee's Bend huko Alabama, wengi wao wakiwa wazee wakati mifarishi yao ilipoonyeshwa katika Whitney Museum ya New York mwaka 2002, wametuachia nguo za ajabu, lakini maneno yaliyosemwa wakati wa kuzishona hatunayo. Lacy aligeuza uhusiano huo. Kwake mazungumzo ndiyo kazi, na nguo inayasindikiza.

Sauti isiyo na mdomo

Hadhira kwenye roshani ilisikia nini? Haikusikia meza. Sauti mia nne zikizungumza kwa pamoja chini ya paa la kioo huwa mvumo tu. Iliyosikika kwa maneno ni kazi ya Susan Stone, mtunzi aliyechanganya sauti za wanawake 75 zilizorekodiwa mapema, wakieleza maisha yao na kuzeeka kwao.

Kwa hiyo jicho na sikio vilitenganishwa. Sauti uliyoisikia haikuwa ya mdomo uliouona ukitembea. Mtazamaji aliyezoea filamu za maisha ya watu hujaribu kuviunganisha: huyu mwenye mvi aliyeinamisha kichwa ndiye anayesema maneno haya? Hapati jibu. Uamuzi huo una faida mbili ambazo nazithamini. Ya kwanza ni kwamba hakuna mhusika mkuu. Katika wanawake 430 lazima wapo wenye simulizi za kuvutia kuliko wengine, na kamera yoyote ingekimbilia kwao na kuwaacha waliobaki wawe mapambo. Sauti isiyo na mdomo inamzuia mtazamaji kuchagua kipenzi chake. Ya pili ni kubwa zaidi: wanawake waliokuwa mezani walibaki na siri yao. Walitazamwa na maelfu, lakini walichoambiana kilikuwa chao. Tumezoea kumwendea mzee kama kisima cha kuchota simulizi, tukimwekea kinasa sauti na kumtaka atoe. Hapa mzee anazungumza mbele ya dunia nzima na dunia haijui anasema nini. Anaonekana bila kuchimbwa.

Bei yake ipo, na uhakiki wa haki haupaswi kuificha. Maneno yaliyosikika yalichaguliwa, yakakatwa na kupangwa na mtu mwingine. Mazungumzo hai ya siku ile, yenye ubishi, vicheko na kurudia-rudia, hayakuwa na njia ya kumfikia mtu wa juu. Kama mwanamke wa meza fulani alikataa jambo lililosemwa kwenye mkanda, kukataa kwake kulimezwa na mvumo. Fani imewalinda watendaji dhidi ya udadisi, na kwa kufanya hivyo imewanyang'anya pia nafasi ya kujibu. Ulinzi na ukimya vimeshonwa kwa uzi mmoja, na sioni namna ya kuvitenganisha bila kuifumua kazi yenyewe.

Hadhira inashuka

Kama kazi ingeishia hapo, ningeiita nzuri lakini baridi. Ingekuwa picha kubwa iliyotengenezwa kwa watu, na mtu hata akiwekwa kwa heshima kiasi gani, akibaki kiraka amepunguzwa. Utawala wa kila aina hupenda kupanga watu uwanjani waunde maua na maandishi yanayosomeka kutoka jukwaa kuu. Anayeyasoma yuko juu, aliye ndani ya herufi hana sura. Mfarishi wa Minneapolis ulikuwa karibu sana na hatari hiyo, na nadhani kila anayeutazama kwa mara ya kwanza anaihisi.

Kinachouokoa ni mwisho wake. Saa ilipokamilika, watazamaji walishuka. Walipewa vitambaa vya shingoni vilivyopakwa rangi kwa mkono, wakaingia navyo kwenye zulia, wakaenda mezani. Mpangilio wa nyekundu, njano na nyeusi uliotunzwa kwa saa nzima ukavurugika kwa dakika chache. Roshani zikapungua watu, na kwa kuwa umbo lile lilihitaji mtu wa juu wa kuliona, nalo likakosa pa kuonekana.

Naona huu ndio uamuzi bora kuliko yote katika kazi hii. Mchoro ulikuwa chambo. Uliwavuta watu 3,000 waje kutazama jambo ambalo kama lingetangazwa kwa jina lake halisi, yaani wanawake wazee watakaa na kuzungumza, wachache wangelitokea. Ulipowapata, ulijivunja ili wasibaki na picha badala ya watu. Uzuri wa kutoka mbali ulitumika kumfikisha mtazamaji mahali ambapo uzuri huo hauonekani tena, na badala yake kuna uso wa mtu, mkono wa mtu, na kiti.

Anayeijua taarabu ya Unguja atautambua mwendo huu. Mwanamke huinuka kitini pake, akaenda kwa madaha hadi mbele kumtunza mwimbaji, na kwa muda huo yeye naye anatazamwa. Amevuka mstari na hakuna anayemwona mvamizi. Kile kitambaa cha rangi mkononi mwa mtazamaji wa Minneapolis kilifanya kazi kama ya noti ya tuzo: kilimpa sababu ya kufika mbele na kitu cha kushika. Mtu hushuka kwa wepesi zaidi akiwa na la kupeleka. Tofauti iliyopo ni kwamba katika taarabu mlango huwa wazi usiku kucha, kila apendaye huinuka wakati wake. Lacy aliufungua mara moja tu, mwishoni, baada ya kuwafanya watu wasubiri. Kusubiri huko kulijenga hamu, nami nakubali kwamba hamu hiyo ndiyo iliyoleta msisimko wa wote kushuka pamoja. Lakini kulimaanisha pia kwamba muda wa kuzungumza kweli kati ya kijana na mzee ulibaki baada ya kazi kumalizika, nje ya kamera, bila kupangwa. Fani ilimfikisha mtazamaji mezani. Haikumwekea kiti.

Jambo hili lina matokeo kwa sisi tunaoijua kazi kwa rekodi tu. Anayetazama video yuko kwenye roshani milele. Anaona umbo likikusanyika, anaona likivurugika, na hawezi kushuka. Jumba la makumbusho limehifadhi kwa uaminifu nusu ya kazi, ile nusu iliyokuwa chambo. Kwa hiyo mhakiki anayeisifu au kuilaumu kwa sababu ya urembo wa picha zake za juu anaihukumu kwa sehemu ambayo yenyewe iliikusudia ivunjwe.

Majina

Miezi mitano baadaye, tarehe 11 Oktoba 1987, mfarishi mwingine ulitandazwa chini huko Washington. Ulikuwa mfarishi wa kumbukumbu ya waliokufa kwa UKIMWI, wenye vipande 1,920, kila kimoja futi tatu kwa sita, kadiri ya kaburi. Umbo la jumla lilifanana: uwanja mkubwa wa viraka unaowazungumzia watu ambao jamii ilipendelea kutowaona. Lakini kifani kazi hizo mbili zinatazamana kinyume. Kule Washington kitambaa kilisimama badala ya mtu asiyekuwepo, kwa hiyo kilibeba jina lake, na majina yalisomwa kwa sauti. Kule Minneapolis mtu aliye hai alisimama badala ya kitambaa, na jina lake halikutajwa.

Mtu anaweza kujibu kwamba aliye hai hahitaji kutajwa, kwa kuwa anaweza kujitaja mwenyewe ukimfikia mezani. Jibu hilo lina nguvu kwa waliokuwepo. Halina nguvu kwa kumbukumbu. Leo kazi hii inajulikana kwa jina la Lacy, na pembeni yake majina ya Schapiro na Stone. Wengine ni 430. Idadi hiyo inarudiwa kila inapotajwa kazi, nami nimeirudia hapa, kwa sababu ndiyo njia tuliyoachiwa ya kuwataja. Sanaa ya jamii hudai kwamba jamii ndiyo iliyoitenda. Dai hilo hupimwa kwenye kibao cha maelezo ukutani, na kibao cha namna hii kimeandikwa kwa desturi ya zamani: mwenye wazo ana jina, wenye mikono wana hesabu.

Umri wa waliobuni nao unasema jambo. Siku ile Schapiro alikuwa na miaka 63. Angeweza kuketi meza yoyote kati ya zile. Lacy alikuwa na miaka 41. Mchoro wa zulia, kitu walichokikalia wazee, ulitoka mkononi mwa mtu wa rika lao. Mpango wa nani atazame kutoka wapi ulitoka kwa mtu ambaye bado alikuwa upande wa roshani. Sisemi kwamba msanii lazima awe mzee ndipo afanye kazi na wazee. Nasema kwamba umbali uliomo katika fani ya The Crystal Quilt ni umbali wa kweli, uliopimwa kutoka mahali Lacy alipokuwa amesimama maishani mwake.

Kutoka La Jolla hadi London

Ushahidi wa hilo uko katika kazi zake nyingine mbili. Mwaka 1984, akiwa na miaka 38, Lacy aliwaketisha wanawake 154 wenye umri wa zaidi ya miaka 65 kwenye fukwe za La Jolla, California. Kazi hiyo inaitwa Whisper, the Waves, the Wind. Walivaa nyeupe, meza zikafunikwa kwa nyeupe, bahari ikiwa nyuma yao. Watazamaji walikuwa juu kwenye jabali wakisikiliza sauti zilizorekodiwa, kisha wakaalikwa kushuka ufukweni. Mifupa ya kazi ya Minneapolis yote imo humo. Lakini weupe juu ya mchanga unamfanya mzee awe kama malaika au povu la wimbi, kiumbe anayekaribia kutoweka. Nyeusi, nyekundu na njano za 1987 zilikataa upole huo. Zilimrudisha mzee mjini, chini ya ofisi na kati ya maduka, akiwa na rangi kali.

Kisha mwezi Februari 2013, katika matangi ya zamani ya mafuta yaliyo chini ya Tate Modern jijini London, aliongoza Silver Action. Walishiriki wanawake wapatao 400 wenye zaidi ya miaka 60, wengi wao wakiwa na historia ya maandamano na harakati za kuanzia miaka ya 1950 hadi ya 1980. Meza zilikuwepo tena. Mazungumzo yalikuwepo tena. Safari hii watazamaji walikuwa sakafu moja na watendaji, na maneno yaliyosemwa yaliandikwa papo hapo kwenye mtandao na kuonyeshwa ukutani. Sauti iliyokuwa imefichwa Minneapolis ikatoka hadharani, na mazungumzo hai yakawa ndiyo maandishi ya kazi. Lacy mwenyewe alikuwa na miaka 67.

Kwa jicho la mpenda maumbo, Silver Action ni kazi dhaifu kuliko iliyotangulia. Haina ule mshindo wa kitambaa kukunjuliwa na ua mzima kuwaka rangi. Haina kushuka, kwa sababu hakuna aliyekuwa juu. Siiombolezei hasara hiyo. Msanii aliyewahi kuwatazama wazee kama mchoro alifika umri wao, na fani yake ikateremka naye.

Nikilinganisha hizo tatu, The Crystal Quilt inabaki kuwa yenye ujasiri zaidi, maana ndiyo pekee iliyojenga umbali kwa ukamilifu kisha ikauvunja mbele ya macho ya waliokuwa wakiufurahia. Inatuachia kipimo ambacho naamini kinafaa popote wazee wanapoitwa kufanya sanaa pamoja, au hata kuketishwa tu mbele za watu kila tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, wakisubiri mgeni rasmi awasomee hotuba inayowahusu. Kuwapamba na kuwapanga vizuri hakutoshi. Tuulize: anayewatazama atashuka lini? Akifika, pana kiti chake? Na kazi ikiisha, nani ataandikwa jina? Minneapolis ilijibu swali la kwanza kwa namna ambayo sijaona ikizidiwa. La pili ililigusa tu, na Lacy alihitaji karibu miaka 26 kulirudia. La tatu halijajibiwa hadi leo, na ni deni la kila msanii anayejenga kazi yake kwa mikono ya watu wengine.